Taarifa kwa umma, nyaraka mezani au kikao: taasisi inayotaka kuaminika ianze na ipi?

Mitaani wakisema fedha za zahanati zimeliwa, hatua ya kwanza ya halmashauri karibu kila mara ni moja: karatasi yenye nembo, maneno TAARIFA KWA UMMA kwa herufi kubwa, aya tatu za kukanusha, sahihi na muhuri. Inapigwa picha, inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kazi imekwisha. Kesho yake maneno yako palepale, na safari hii yameongezewa jingine: kama si kweli, mbona wamehangaika kukanusha?

Sina ugomvi na karatasi. Ina kazi yake, na ikiwahi huokoa maisha. Kinachoiponza ni kubebeshwa kazi za njia nyingine mbili: kuweka nyaraka mezani watu wazikague wenyewe, na kukaa nao kikao wakuulize mpaka waridhike au wachoke. Anayechagua kati ya hizi tatu mara nyingi huangalia bajeti na muda alionao. Mimi ningeanzia kwenye shaka yenyewe. Kuna mwananchi asiyejua kinachoendelea. Kuna anayejua, ila haamini namba zako. Na kuna ambaye hata namba zikiwa sahihi haamini nia yako. Hao ni watu watatu tofauti, na ofisi zetu za habari zimezoea kuwajibu wote kwa karatasi ileile.

Taarifa kwa umma: thamani yake ni kuwahi

Kwa mtu asiyejua, hakuna kinachoishinda taarifa. Chukua mkoa wa Kagera. Katikati ya Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Bukoba Vijijini kuna ugonjwa usiojulikana, watu 7 wameugua na 5 wamefariki. Jina la ugonjwa halikuwapo, na wizara haikujifanya inalo. Ilisema kilichokuwa mkononi: dalili, idadi, kwamba sampuli zimechukuliwa na timu imetumwa. Tarehe 21 waziri Ummy Mwalimu akalitaja jina, Marburg, homa kali ya virusi. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni, walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6. Aliyesikia tangazo la kwanza alilipokea la pili kama mwendelezo wa habari anayoijua, halikumshtua.

Sasa linganisha na mkoa huohuo Januari 2025. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema Kagera kuna watu 9 wanaoshukiwa kuwa na Marburg na kwamba 8 kati yao wamefariki. Wizara ikajibu kwamba hadi tarehe 15 vipimo vya washukiwa wote havikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na mkuu wa WHO Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba mgonjwa mmoja amekutwa navyo. Kimaabara jibu la kwanza linaweza kuwa lilikuwa kweli neno kwa neno. Shida ni kwamba "hadi tarehe 15" hubaki kwenye karatasi. Kinachosafiri kwenye daladala na sokoni ni "wizara imesema hakuna Marburg". Siku tano baadaye ipo. Hata kama ofisi haikusema uongo, mbele ya msikilizaji inalipa gharama ya aliyesema uongo.

Rwanda, iliyotangaza Marburg yake tarehe 27 Septemba 2024, ilikuwa ikitoa namba kila siku: waliopimwa, waliougua, waliopona, waliofariki, pamoja na lile zito kulisema, kwamba wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Iliishia na wagonjwa 66 na vifo 15. Kinachonivutia hapo ni ratiba kuliko wingi wa namba. Ukijua kesho jioni kuna namba mpya, huna haja ya kumgongea jirani usiku huu kumuuliza amesikia nini.

Na kuna kutosema kabisa. Takwimu za UVIKO-19 za Tanzania zilisimama mapema Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kikafuata kimya cha zaidi ya mwaka mmoja. Rais Samia alipochanjwa hadharani Dar es Salaam tarehe 28 Julai 2021, wahamasishaji wakajikuta na kazi mbili: kueleza chanjo, na kueleza kile kimya. Ya pili haikuwa na kipeperushi chake.

Udhaifu wa taarifa ni kwamba huwezi kuiuliza swali. Tena inaghushiwa kirahisi. Nembo, mwandiko na muhuri vyote vinatengenezeka kwenye simu ya kijana wa sekondari. Ukichagua njia hii, andika saa na si tarehe peke yake, sema taarifa inayofuata itatoka lini hata kama huna hakika itakuwa na kipya, na weka namba ya simu inayopokelewa. Namba isiyopokelewa ni afadhali usiiweke.

Nyaraka mezani: kwa anayetaka kuhesabu mwenyewe

Mtu wa pili, yule asiyeamini namba, hasaidiwi na taarifa nyingine hata ikiandikwa na malenga. Anataka kuona. Mfano ulio wazi kuliko yote Afrika Mashariki ni uchaguzi wa urais Kenya, kwa sababu tume ileile ilijaribu mambo mawili tofauti ndani ya miaka mitano.

Agosti 2017 tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, ilirusha jumla za kura moja kwa moja kwenye skrini. Namba zilipanda, lakini fomu zilizozizaa, yaani Fomu 34A zinazojazwa na kutiwa sahihi katika kila kituo, hazikuwa zikionekana pamoja nazo, na mshindi alitangazwa kabla fomu zote hazijapatikana. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, tume iliagizwa kuifungua mitambo yake ikaguliwe, haikutekeleza ipasavyo. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, wakaufuta uchaguzi.

Mwaka 2022 utaratibu ukageuzwa. Tume haikurusha jumla. Iliweka picha ya Fomu 34A za vituo 46,229 kwenye tovuti ambayo yeyote aliweza kuifungua. Vyombo vya habari, vyama na watu binafsi wakaketi kujumlisha. Tarehe 15 Agosti, mwenyekiti Wafula Chebukati alipomtangaza William Ruto kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, makamishna 4 kati ya 7 walikuwa wameshajitenga na matokeo. Kesho yake wakadai kwamba asilimia za wagombea wote zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ni kama kura 142,000. Kwa kura halali milioni 14.2, asilimia 0.01 ni kura 1,421 hivi, na ziada yenyewe inatokana na kukadiria desimali. Kulijibu dai hilo hakukuhitaji msemaji wa tume. Kikokotoo cha simu kilitosha, na waliokuwa wameshashinda siku sita na zile fomu hawakusubiri kuelezwa. Tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu, safari hii chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, iliyathibitisha matokeo kwa kauli moja.

Nisiisifie njia hii kupita kiasi. Wapo walioziona fomu zote na bado hawakukubali, na si ajabu: tume iliyogawanyika mbele ya kamera haiponywi na picha za fomu. Nyaraka zilipunguza sana ubishi wa hesabu. Ubishi kuhusu nia za waliokuwa wakihesabu ulibaki, na huo ni wa mtu wa tatu, nitamfikia.

Kwa upande wa fedha, Uganda ya miaka ya 1990 inafundisha zaidi. Ufuatiliaji ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya uendeshaji ambayo serikali kuu iliitoa kwa ajili yake. Sehemu kubwa ya iliyobaki iliishia wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wachumi wamebishana baadaye ni kiasi gani cha sifa kiende kwa magazeti na kiasi gani kwa mageuzi mengine ya fedha yaliyokuwa yakiendelea, na ubishi huo una haki yake. Mimi nachukua jambo moja: mwalimu mkuu, mzazi na ofisa wa wilaya walikuwa na namba ileile kwa wakati mmoja. Hapo kudanganya kunahitaji watu wengi kukubaliana.

Nyaraka zetu nyingi hufia kwenye umbo. Kiingereza, faili la kurasa mia mbili lililopigwa skani likiwa limeinama, jedwali lisiloonekana kwenye simu. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, hutoka kila mwaka na ni mali ya umma, lakini ni mamia ya kurasa. Ndiyo maana taasisi kama WAJIBU, iliyoanzishwa na CAG mstaafu Ludovick Utouh, imekuwa na kazi ya kuzichambua kwa lugha nyepesi. Kama wewe ni halmashauri au serikali ya kijiji, usimsubiri mchambuzi. Ukurasa mmoja ubaoni kwa Kiswahili unatosha: fedha iliyoingia na tarehe yake, fundi aliyelipwa na kiasi alicholipwa, vifaa vilivyonunuliwa, kilichobaki. Wanakijiji hawatasoma vifungu vya bajeti. Watasoma idadi ya mifuko ya saruji, na wataihesabu.

Ila ujue unachoingia. Ukibandika miezi mitatu mfululizo kisha wa nne ukaacha, watu watauliza wa nne una nini. Na kama hesabu zako kweli zina shimo, nyaraka zitalionyesha. Kwa ofisi ya namna hiyo hakuna mkakati wa mawasiliano utakaofaa, inahitaji mkaguzi.

Kikao: ghali, kirefu, na wakati mwingine ndicho pekee

Mtu wa tatu ndiye mgumu. Kwake swali ni wewe ni nani, na kwa nini leo. Sijui mahali ambapo hili lilionekana kwa uchungu kama Kivu Kaskazini.

Congo ilitangaza Ebola huko tarehe 1 Agosti 2018, na chanjo ikaanza kutolewa ndani ya wiki mbili. Kwa maana ya tiba, kilichohitajika kilikuwa kimefika. Lakini eneo la Beni lilikuwa limeishi miaka na mauaji ya raia, huku jeshi na walinda amani wakiwa jirani. Septemba watafiti waliwahoji watu 961 Beni na Butembo: asilimia 25.5 waliamini ugonjwa haupo, na ni asilimia 31.9 tu walioamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao. Magari mapya yakaingia, redio zikatangaza, mabango yakapandishwa. Maelezo yalikuwa sahihi. Waliokuwa wakiyasikiliza walikuwa na swali jingine: miaka yote hiyo tunauawa hamkuja, leo imekuja homa mmejaa, mnatafuta nini? Kauli ya kwamba Ebola ni biashara ya watu ikapata miguu.

Kisha serikali ikaipa kauli hiyo ushahidi. Tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi iliahirisha upigaji kura Beni na Butembo hadi Machi, Ebola ikiwa moja ya sababu zilizotajwa, ingawa kufikia Machi rais mpya angekuwa ameshaapishwa. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Afisa habari yeyote anayedhani uaminifu wa hospitali ni suala la hospitali peke yake atazame tarehe hizo. Watu hawatenganishi ofisi kama zinavyotenganishwa kwenye mchoro wa serikali. Tume ya uchaguzi ilikosea, aliyevamiwa ni daktari.

Kilichosaidia, polepole, ni mambo ya kukaa na watu. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba hadi nyumba wakiandika maswali, malalamiko na uvumi kama vilivyosemwa, na vikarudishwa kwa waliokuwa wakiendesha kazi ili wabadilishe kinachobadilika. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vya matibabu vya kuta angavu, vinavyoitwa CUBE, ndugu wakaweza kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Uvumi kwamba ndani watu wanatolewa viungo haukuwa na la kusema mbele ya ukuta unaoonyesha. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitendo bora cha mawasiliano katika mlipuko wote ule, na hakina sentensi hata moja. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287.

Tanzania tunacho chombo cha kikao tayari, mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Malalamiko ya "hatujasomewa mapato na matumizi" yanasikika kila mahali, na yanasema mengi: watu wanataka kusomewa, wakiwa wamekaa pamoja, mbele ya aliyetumia, wakiwa na nafasi ya kunyoosha mkono. Mtendaji anayekwepa mkutano kwa sababu "watapiga kelele tu" ajue kelele hizo zitapigwa hata hivyo, kwenye vijiwe ambako yeye hayupo.

Hata hivyo kikao kibaya ni kibaya kuliko kutokuwa na kikao. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na Muswada wa Fedha wa 2024 ulipitia hatua hiyo: maoni yalipokewa, na baadhi ya vipengele, kama kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate, vikaondolewa. Kwa vijana wengi waliokuwa wakiusoma na kuuchambua mitandaoni hilo halikutosha. Waliona yaliyobaki yalikuwa yameshaamuliwa kabla hawajaulizwa. Bunge liliupitisha tarehe 25 Juni, waandamanaji wakaingia bungeni siku hiyohiyo, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia sahihi. Ukiwaita watu watoe maoni, waambie mwanzoni kabisa kipi bado kinaweza kubadilika na kipi kimekwisha. Kama hakuna kinachoweza kubadilika, usiite kikao. Toa taarifa, upokee lawama zake.

Ukiwa na fedha ya njia moja tu

Tuchukue mamlaka ya maji ya mji wa kawaida, bili za mwezi zimepanda na dirisha la huduma kwa wateja limejaa. Kabla ya kuandika chochote, afisa habari akae pale dirishani asubuhi moja asikilize wanauliza nini.

Wakiuliza "kwa nini imepanda, bei imebadilika?", hao hawajui. Taarifa inatosha: bei mpya, ilianza lini, nani aliiidhinisha, mfano wa nyumba inayotumia uniti kumi italipa kiasi gani. Redio ya pale mjini na ujumbe wa simu, imekwisha. Ni njia ya gharama ndogo kuliko zote na matokeo yake huonekana ndani ya siku mbili tatu.

Wakisema "msoma mita hajafika kwangu, hizi uniti mmezitoa wapi?", hapo taarifa ni kuwatukana. Hao ni watu wa nyaraka: picha ya mita siku iliposomwa, ikiwa na tarehe, itumwe pamoja na bili. Gharama yake ni simu za wasoma mita na nidhamu ya miezi kadhaa, na faida moja isiyotajwa ni kwamba msoma mita anayejaza akiwa kwenye kivuli cha mwembe naye anajulikana.

Na wakisema "mita zenu zinasoma upepo, mnataka hela tu", tarehe na picha hazitafika popote. Mita inaweza kusoma sawasawa kabisa upepo uliopita. Hilo ni la kikao mtaani, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, mita ikifungwa na ndoo ya lita ishirini ikijazwa mbele ya macho ya wote, kwenye bomba la mlalamikaji na si la ofisini. Ikisoma zaidi, mamlaka irudishe fedha hapohapo au itaje siku. Ndiyo sababu kikao kinaogopwa: ni njia pekee kati ya hizi tatu ambamo taasisi inaweza kushindwa hadharani, na uwezekano huo ndio unaowafanya watu waje.

Ningelazimishwa kuchagua moja kwa kila aina ya ofisi, wizara ningeipa taarifa zenye ratiba, halmashauri na shule ningezipa ubao wa matangazo usiokosa mwezi, hospitali na mamlaka za huduma kikao. Mwenye uwezo wa zote tatu, na asiye kwenye dharura, aanze na nyaraka, aende nazo kikaoni, na taarifa iandikwe mwisho ikieleza kilichokubaliwa. Ofisi nyingi hufuata mpangilio wa kinyume: karatasi kwanza, kikao mambo yakiharibika, nyaraka mahakama ikiagiza.

Kuhusu nani asimame mbele, kwenye taarifa awe mkuu wa taasisi kwa jina lake. Kikaoni aongee fundi anayezifunga mita hizo. Msemaji aende pia, akae pembeni na daftari, aandike maswali yaliyokosa jibu, jina la aliyeuliza, na tarehe ambayo jibu lazima liwe limemfikia.